Samaki Niliyemtupia Mwenyeji Wangu

Kwenye ghala letu la samaki huko Ras Al Khor, Dubai, mimi ndiye ninayeshinda ndani ya friza nikipanga maboksi. Kila msimu wa baridi hutujia samaki mmoja mrefu kutoka Kazakhstan, mwenye macho kama gololi na meno ya paka. Siku moja Aigul, karani wetu wa kukagua ubora ambaye kwao ni huko huko, aliniambia kwamba miezi ambayo samaki huyo anatufikia, maji ya kwao huwa yameganda mpaka watu wanapita juu yake kwa miguu. Tangu siku hiyo sikuwa na raha. Mimi ni mtu wa Kitale. Kwetu barafu ni mvua ya mawe inayokuja kuharibu mahindi, basi. Sasa samaki anatolewaje chini ya sakafu ya barafu? Na huyo anayemtoa anasimama wapi?

"Unatoboa shimo, unakaa, unangoja," Aigul alinijibu tukinywa chai ya karak nyuma ya ghala.

"Na ikivunjika?"

Alizungusha kikombe chake, kisha akaniambia habari za baba yake. Mzee huyo, Serik, alikuwa mjane, na bado alikuwa akienda kuvua juu ya barafu peke yake. Jirani yake alikuwa amempigia Aigul simu: alimwita mzee kwa sauti mara kadhaa huko kwenye barafu, na mzee hakugeuka.

"Barafu huongea kabla ya kuvunjika, Nafula," alisema. "Mtu asiyeisikia hana kazi juu yake. Nikimuuliza anasema jirani ananong'ona. Nyumbani ananijibu kila neno, mradi awe ananiangalia. Na kule hataki kunichukua. Anasema namkodolea macho kama mudir anayesimamia vibarua kwenye saiti."

"Sasa mimi naingia wapi?"

"Wewe umekuwa ukiniuliza kuhusu barafu mwaka mzima. Njoo uione. Mgeni, yeye hawezi kumkatalia. Halafu uniambie kitu kimoja tu: anaisikia au haisikii. Akiwa anaisikia, khalas, nitamwacha na amani yake. Akiwa haisikii, siwezi kurudi Dubai nikamwacha aende peke yake."

Hivyo ndivyo nilivyopata safari yangu, nusu mtalii, nusu mpelelezi. Nilikubali kwa sababu ya ule udadisi wangu. Upande wa pili wa jambo lenyewe sikuufikiria sana, na ningefanya vyema kuufikiria.

Mwishoni mwa Februari, viza ikiwa imetoka, nilimuaga Salum, Mzanzibari anayeendesha foklifti. Alishuka kabisa kwenye mashine yake ili anishangae vizuri.

"Weye Nafula, barafu si hii hapa? Mwaka mzima waikumbatia, tena walipwa juu yake!"

"Hii ni ya mashine, Salum. Nataka kuona ya Mungu."

"Haya. Lakini ya Mungu haina swichi. Yalla, nenda, na miguu urudi nayo yote miwili."

Kwenye uwanja wa ndege wa Dubai nilipanga foleni na jaketi langu la friza mkononi, lile zito la kazini, watu wakinitazama kwa sababu nje palikuwa na jua la kutosha kukausha kanga. Aigul alilala mara tu ndege ilipopaa. Mimi nilikaa dirishani. Bahari ilipita, kisha jangwa, kisha milima mikavu, na baadaye sana dunia ya chini ikaanza kuwa nyeupe. Nilidhani ni mawingu mpaka nilipoona barabara imekatiza katikati yake.

Almaty ilitupokea kwa moshi wa makaa ya mawe na milima mirefu iliyosimama nyuma ya mji. Nilivuta pumzi moja na vinyweleo vya puani vikakakamaa vyote kwa pamoja. Friza yetu ina baridi kali kuliko ile, hilo nalijua kwa kipimo, lakini friza ina mlango. Hapa nilitafuta mlango wa kutokea na sikuuona. Aigul alicheka mpaka akashika toroli.

Barabara ya kwenda kwao ilikuwa nyoofu, na nchi ya pande zote mbili tambarare, nyasi kavu za kahawia zikichungulia kwenye theluji. Niliona farasi wakiikwangua theluji kwa kwato ili wapate nyasi, hakuna mtu anayewalisha wala kuwachunga. Nilimuuliza Aigul ni wa nani, akasema ni wa watu. Kisha upande wa kushoto nyasi zikaisha na pakatokea uwanja mkubwa wa kijivu usio na mwisho. Nilitaka kuuliza ni uwanja wa nini, nikajikamata kwa wakati. Lilikuwa ndilo bwawa anakovua baba yake, la kutengenezwa na watu, kubwa kiasi kwamba ng'ambo yake haionekani.

Jioni tulifika kwa mzee. Nyumba ya chini, jiko la makaa katikati, viatu mlangoni. Aigul alikuwa ameshanifundisha kwamba mwanamume anayekuzidi umri hapo huitwa aga, kwa heshima, jina lake kwanza. Nilipata taabu. Kwetu neno hilo ni la kuagana, na ukiongeza "dunia" mbele yake ni la msibani. Nilisimama mlangoni nikamwambia, "Serik Aga," huku moyoni nikiomba radhi.

Alikuwa mtu mfupi, mpana, mwenye macho madogo yasiyokuacha. Aliniangalia usoni muda wote niliposema, ingawa nilisema kwa lugha asiyoijua. Kisha akashika jaketi langu la friza, akalisugua kati ya vidole, akatoa kidole gumba juu. Nilimpenda papo hapo, na hilo ndilo lililonitia matatani baadaye.

Tulipewa nyama ya farasi juu ya vipande vya unga vilivyochemshwa, halafu chai ya maziwa. Chai ya maziwa! Nilijiona nimefika nyumbani. Lakini Aigul alinimiminia kidogo mno, chini ya nusu ya bakuli. Nikanywa, akatia kidogo tena. Nikajiambia, hawa watu ni wagumu hivi? Mwishowe nilimuuliza. Akaniambia kwamba bakuli lililojaa humaanisha kunywa uende zako. Kidogo kidogo ni kusema kaa, nitakuwa nakutilia. Niliona aibu, nikanywa mabakuli sijui mangapi.

Mezani nilimchunguza mzee kama nilivyotumwa. Aigul alipomsemesha, alijibu. Alipoinama kuongeza makaa na Aigul akaendelea kusema, mzee alimaliza kazi yake, akageuka, akamtazama, na Aigul akarudia neno bila kujua kuwa amelirudia. Mimi nililiona. Lakini hata mimi nikiwa nimeinama jikoni huwa sisikii, kwa hiyo nilinyamaza.

Asubuhi, jua likiwa limetoka lakini halina kazi, tuliingia bwawani, mzee na mimi, yeye akikokota sleji, ubao wa kuteleza juu ya barafu, wenye vifaa vyake. Aigul alibaki ukingoni karibu na gari la jirani, akijifanya ana simu za kupiga. Mzee alikuwa amenivalisha vyuma vya meno chini ya buti, na shingoni akanitundikia kamba yenye vishikio viwili vya mbao, kila kimoja kina msumari mkali. Alinionyesha kazi yake kwa mikono: mtu anazama, anageuka alikotoka, anachoma misumari kwenye barafu, anajivuta huku akipiga miguu, kisha hasimami, anabingirika. Aliigiza yote hayo amesimama nchi kavu, mpaka kubingirika. Nikacheka. Hakucheka. Akanifanya nirudie.

Hatukuwa na lugha hata moja ya pamoja, na sikuhitaji. Sijawahi kuona mtu anayesema kwa mikono vizuri kama yule. Ngumi iliyofumbwa ilikuwa barafu nzuri. Vidole vinavyotetemeka ilikuwa mbaya. Kiganja kilichoelekezwa chini ilikuwa kaa hapo hapo. Ilinichukua asubuhi nzima kujiuliza alijifunzia wapi.

Mbele yetu aliutanguliza mtaimbo mrefu ulionolewa ncha. Kila hatua chache aliupiga chini kwa nguvu, akangoja, ndipo akapita. Nikamwelewa mara moja: alikuwa anapiga hodi. Tofauti ni kwamba hapa ukijibiwa na maji, unarudi ulikotoka bila kuuliza mwenyewe yuko wapi. Nilitembea nyuma yake kwa umbali wa kamba aliyonipa nishike, na kila nilipomsogelea alinirudisha kwa kiganja. Watu wawili hawakai pamoja, ndivyo nilivyoelewa. Barafu inayombeba mmoja si lazima iwabebe wawili.

Mbali kidogo na ukingo tulifika mahali ambapo barafu ilikuwa nyeusi. Nilisimama. Ilikuwa kama kuangalia ndani ya kisima, niliona mapovu yamegandia chini na giza chini ya mapovu. Miguu ilikataa. Kando yake kulikuwa na sehemu nyeupe safi, nzuri, kama sahani, nikaelekea huko. Mzee alinivuta kwa kamba. Akaigonga ile nyeusi, akafumba ngumi. Akaigonga ile nyeupe, akafungua ngumi nusu. Nyeupe ilikuwa theluji iliyolowa ikaganda tena, imejaa hewa. Mimi maisha yangu yote nimefundishwa kwamba cheupe ndicho cha kuamini.

Alinionyesha kitu kingine tena, na hiki ndicho kilichonishangaza zaidi. Penye jua, aling'oa pande la barafu nene kuliko kitabu cha sala cha kanisani, akalibana kwa viganja. Likasambaratika likawa vijiti virefu vilivyosimama sambamba, kama njiti za kiberiti. Unene ulikuwepo, nguvu haikuwepo. Akaonyesha jua, akaonyesha vijiti, akatetemesha vidole. Kwa hiyo barafu inayofaa asubuhi haina ahadi na mchana, na kupima mara moja hakutoshi.

Tulitoboa mashimo kwa keekee kubwa ya kuzungusha kwa mikono miwili. Maji yalipanda na kutulia, meusi. Hatimaye nilipata jibu langu la Ras Al Khor: samaki anatoka hapa, kwenye tundu la upana wa sufuria ndogo, amening'inia kwenye mshipi mfupi wa mtu aliyekaa juu ya ndoo. Nilifurahi kupita kiasi. Nilitamani Salum angekuwepo nimnyamazishe.

Kabla ya kukaa, mzee aliusimamisha mtaimbo kwenye shimo dogo, akafunga utepe wa kitambaa chekundu juu yake. Upepo ulikuwa unatoka upande wa bwawa kuelekea ukingoni, na utepe ulielekea huko huko. Alifumba ngumi. Kisha akaushika utepe akaugeuzia upande wa pili, kuelekea katikati ya bwawa, akatetemesha vidole, akaonyesha ukingo kwa haraka. Upepo ukitoka nchi kavu, unaisukuma barafu yote mbali na ukingo, na kati yako na nyumbani panafunguka maji. Hapo husubiri samaki wala nini.

Wavuvi wengine waliokuwa mbali walikuwa na vikengele kwenye fito zao, samaki akidonoa, kengele inalia. Fito za mzee hazikuwa na kengele. Zilikuwa na vibendera. Nikaona pia kwamba mkono wake wa kushika mtaimbo haukuwa na glavu, kwenye baridi ile, na kwamba baada ya kila pigo alikuwa akiangalia kiganja chake, si barafu.

Ndipo barafu ikaongea. Sijui niieleze vipi. Ilianzia mbali, ikaja chini yetu, ikapita, ikaenda. Niliruka kutoka kwenye ndoo. Mzee alikuwa anatia chambo kwenye ndoana. Hakupepesa jicho. Aliponiona nimesimama alinitazama, akatabasamu, akanipa ishara nikae. Nilijiambia amezoea, kama mimi nilivyozoea mlio wa foklifti ikirudi nyuma. Nikataka sana liwe hilo. Baadaye kidogo, akiwa amenipa mgongo, niligonganisha vifuniko viwili vya chupa ya chai nyuma yake. Hakuna. Nikapiga makofi. Hakuna. Nilijisikia mwizi aliyeingia nyumba ya watu wakiwa sebuleni.

Kabla ya adhuhuri samaki walianza kudonoa, wale wale wa macho ya gololi, na kila tuliyemtoa aliganda akawa kama kuti kavu mbele ya macho yetu. Mimi nilisahau kila kitu. Aliyekumbuka ni mzee. Alinigusa bega, akaonyesha utepe. Ulikuwa umegeuka. Uliashiria katikati ya bwawa, na theluji ya unga ilikuwa inakimbia kwenye barafu kutoka nchi kavu kuja kwetu, ikifunika nyufa zote tulizoziona asubuhi.

Alikusanya vifaa na kamba haraka bila kupapatika, akavipakia kwenye sleji. Kisha akaonyesha ukingo: atatangulia akaangalie kama mshono wa barafu na nchi umeanza kufunguka. Mimi akanipa kiganja chini. Kaa hapo hapo.

Sasa nieleze kosa langu, na msomaji wa nyumbani atanielewa kuliko wanavyonielewa watu wa huko. Mzee anasimama anaondoka, tena ana mzigo, na wewe uliye mdogo unabaki umekaa kwenye ndoo? Mama yangu angenikana. Kwetu mtu akiondoka husindikizwa. Unambebea mkoba mpaka njia panda hata kama amekwambia usijisumbue, maana kukwambia usijisumbue ni sehemu ya adabu, na kukataa kuacha ni sehemu nyingine. Nilikiona kiganja chake vizuri kabisa, nikakisoma kwa Kiswahili. Nikachukua mfuko wake wa samaki, nikamfuata, nikamkaribia hatua zikalingana na zake, kidogo nyuma ya bega. Hakujua kama nipo.

Tulikuwa kwenye ile nyeupe. Nilisikia "ta!" kavu, chini ya buti zangu hasa, na mara maji yakapenya juu ya theluji yakaipaka kijivu kutuzunguka. Mzee aliendelea kutembea.

"Aga!" nikaita. "Aga! Khalas! Simama!"

Upepo ulinipiga usoni ukachukua sauti yangu ukaipeleka bwawani. Mguu wangu wa kulia ukazama mpaka pajani. Sijui kama mtu ambaye hajawahi kushikwa na maji yale anaweza kuambiwa yalivyo. Niliona rangi nyekundu machoni. Nikajitupa kifudifudi kama nilivyofundishwa, nikachoma msumari mmoja, na bado mzee alikuwa anatembea kuelekea mbele ambako barafu ilikuwa nyembamba zaidi, na mimi nilikuwa nimelala kifuani namwita kwa neno la kuagana.

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa ndani ya mfuko. Nilimtoa samaki mmoja, mgumu kama gongo, nikamrusha kwa nguvu zangu zote. Akampata katikati ya mabega.

Mzee aligeuka kwa hasira, akaona samaki miguuni pake, akaniona mimi. Sura yake ilibadilika. Hakukimbia kuja kwangu. Alilala chini palepale, akanisukumia ubao wa sleji, akanipa ishara za polepole kama mwalimu wa chekechea: mguu, piga, vuta, bingirika. Nilipiga, nikavuta, nikabingirika. Tulitambaa kila mtu peke yake, mbali mbali, tukazunguka mpaka kwenye ghuba ambako barafu ilikuwa bado imeng'ang'ania ukingo. Pale penyewe palikuwa na ufa wa upana wa shubiri mbili, maji meusi yakipumua ndani yake. Alilaza sleji juu yake, akapita, nikapita.

Ukingoni alinivua buti na soksi, akatoa soksi kavu kifuani mwake zikiwa na joto lake, akanivalisha kama mtoto. Aigul alikuja mbio huku analia. Mzee alimwambia maneno machache, akaonyesha mgongo wake, akaigiza samaki anaruka. Walicheka wote wawili, na mimi nikacheka huku meno yanagongana, nikidhani labda mambo yataishia kwenye kichekesho.

Jioni hiyo, tukiwa mezani, Aigul aliniuliza kwa Kiingereza chetu cha Dubai, taratibu, kama anayeuliza bei: "Nafula. Anaisikia?"

Mzee alikuwa ng'ambo ya meza. Soksi zangu zilikuwa zinakauka juu ya jiko lake. Nilikuwa na uwongo mzuri tayari mdomoni: upepo ulikuwa mkali, hata kijana asingesikia, na kosa la kuvunja barafu lilikuwa langu mtupu. Yote hayo yalikuwa kweli. Nilimtazama yule mzee aliyeuona upepo kabla yangu, aliyenitoa majini kwa ishara, nikafikiri, huyu anajua barafu kuliko wote wenye masikio. Halafu nikamwona tena ananipa mgongo anatembea, na mimi naita.

"Haisikii," nikasema. "Hata kidogo. Asubuhi kulipokuwa shwari pia hakusikia. Anaishika kwa mkono na anaiangalia kwa macho, na anajua sana. Lakini iliyo nyuma yake haioni."

Mzee hakujua Kiingereza, lakini uso wa mwanawe aliusoma wote. Alisimama. Akasema kitu kifupi, akatoka nje kwenda kwa farasi wake.

"Amesema nini?"

"Amesema," Aigul alijifuta macho, "mgeni amekula samaki wake na kuhesabu masikio yake."

Nilijisikia vibaya kuliko nilivyojisikia majini.

Siku ya kurudi, mzee alinipa mkono mlangoni, akaniangalia, hakutabasamu. Alinifungashia samaki wa kuondoka nao, nikajua kwamba hapo hata mtu aliyekukasirikia hakuachi uende mikono mitupu. Aigul hakupanda gari. Alikuwa amempigia sir, mkubwa wetu wa ghala, simu na kuomba abaki mpaka barafu iishe, na sir alikuwa amesema maneno ambayo hakutaka kunirudia. Almaty nilifika peke yangu, kiti cha pembeni yangu ndegeni kilikuwa na jaketi langu.

Dubai ilinipokea kwa joto lake, nikafungua vifungo vyote. Salum alinihesabu miguu kwa sauti mbele ya watu. Nilirudi friza nikapanga maboksi, na kila nilipoona boksi la yule samaki niliigeuza lebo yake isinitazame. Nilikuwa nimekwenda kutafuta jinsi samaki anavyotolewa kwenye maji yaliyoganda, nikarudi nikijua mambo mengine: kwamba unene wa barafu si nguvu yake, kwamba upepo unaweza kukunyang'anya ukingo ukiwa umekaa kwenye ndoo umefurahi, na kwamba kuna mahali ambapo kumpenda mtu ni kukaa naye kwa umbali wa kamba. Lakini hilo la mwisho sikuwa na hakika nalo. Nilikuwa nimemwambia mtu ukweli, na ukweli huo ulikuwa umemnyima binti kazi na mzee barafu yake.

Wiki chache baadaye, wakati wa mapumziko, simu ililia. Ulikuwa ujumbe wa Aigul. Mzee alikuwa amekubali. Wanakwenda wote, yeye mbele na mtaimbo, binti nyuma kwa urefu wa kamba iliyofungwa kiunoni. Mvuto mmoja ni simama, miwili ni rudi. Barafu ilikuwa karibu kuisha, wangekwenda mara moja au mbili tena, halafu Aigul angerudi kuona kama sir bado ana nafasi.

"Baba anauliza kitu," aliandika. "Asubuhi ile ulipokaa kwenye ndoo. Anasema alikuona ukiruka, akajua imeongea. Ilisemaje? Ni majira ya baridi ya nne hajaisikia, na hajamwambia mtu. Usitume sauti, haitamsaidia. Andika, nitamsomea akiniangalia mdomo."

Niliketi juu ya kreti. Nilitafuta neno kwa Kiingereza, nikapata la mlio wa mlango na la mlio wa bunduki, hayafai. Nikajaribu kwa mdomo, kwa sauti, mpaka Salum akazima foklifti.

"Nafula, waimba ama tumbo lakuuma?"

"Nyamaza kidogo, Salum. Nasikiliza."

Mwishowe niliandika kwa Kiswahili, kwa sababu kwetu sauti ina haki ya kuandikwa jinsi ilivyo: *Nguuu. Nguuuuu. Wiii, wii. Ta.* Nikamweleza Aigul kila moja itamkwe vipi, mdomo ufunguke wapi, ile ya tatu iwe nyembamba kama inayokimbia, na ya mwisho iwe fupi. Nikatuma.

Jibu lilikuja tukiwa tunafunga milango ya friza.

"Nimemsomea mara tatu. Amelia, halafu akacheka, halafu akakukosoa. Anasema umesahau mwanzo. Kabla ya nguu ya kwanza kuna kimya kifupi. Anasema hicho hakijamwacha, anakisikia mpaka leo."